Ubeti wa Pili

Majira yale ya baridi umeme wa Kutaisi ulikuwa mgeni mwenye haraka,
haukai hata birika likachemka.
Ndipo Watatu wa Daraja Jeupe wakaazimia kurekodi albamu.
Walikuwa wanne.
Bango lilichorwa kabla Jumberi hajajiunga,
na rangi, alisema baba mdogo Valiko, imeadimika.

Za mababu, kila harusi inazo.
Wao walitaka za watu wasiowajua,
nyimbo kumi na moja za kuazima
zilizonaswa usiku kwenye redio ya Guram
iliyofungwa waya hadi kwenye bomba la paa.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu na mwandiko mzuri.
Kazi yangu kusikiliza, kuandika kwa herufi zetu za mviringo
neno nisilolijua baada ya neno nisilolijua,
kama mtu anayehesabu kuni gizani.

Wimbo wa tisa ulitoka Uturuki.
Mwanamke aliuimba kama anayemkanda mgonjwa mgongo.
Katikati mawimbi yakayumba, ukaja mluzi,
sauti ya mwanamume, kavu, mbiombio,
kisha mwanamke akarudi.
Nikaandika yote. Nani alinituma kuchagua?

Tulirekodi saa nane za usiku kando ya tanuri la mkate la Guram,
ndiko kulikokuwa na joto.
Betri ya lori. Maikrofoni moja
juu ya ndoano ya kuopolea mikate.
Ukitega sikio, mwisho wa wimbo wa nne
Otia anakohoa unga, na kaa la moto linaanguka.

Walipofika wa tisa, Jumberi akauliza:
"Huyu mwanamume wa ubeti wa pili anasema nini?"
"Anaaga," alisema Valiko.
"Anaagana na nani?"
"Na mama yake. Huisikii haraka hiyo? Gari moshi linaondoka."
Basi wakaupunguza mwendo, wakaupunguza tena,
na Jumberi akashuka kule ambako besi
hugusa sakafu kabla ya kugusa sikio.
Guram alisahau mikate. Ikaungua yote, hatukujali.

Kaseti mia tatu, tuliziuza karibu na wauza jibini.
Nguo ya kuazima, husemwa, haisitiri maungo.
Hii iliusitiri mtaa mzima.
Kina mama ambao wana wao hawakurudi kutoka Sukhumi
walikuja na betri zao mkononi:
turudishie ule wa tisa, ule ubeti wa pili.

Baadaye nikaenda Trabzon kufua shuka za hoteli,
na Kituruki kikaniingia taratibu, kama unyevu ukutani.
Mwaka wa sita, jioni, nikipiga pasi na kaseti masikioni,
nikawasikia Watatu, wote wanne,
wakiomboleza kwa herufi zangu mwenyewe:

Povu tele, bei nafuu.
Doa la mafuta, doa la mvinyo,
suuza mara moja tu.
Uliza dukani kwako leo.

Nilicheka hadi pasi ikaacha alama yake kwenye shuka.
Walinikata mshahara.
Sikumwambia mtu.

Jumberi alizikwa mwezi wa Machi, tope hadi kwenye vifundo.
Bango lao sasa lilisema kweli.
Waliusimama ule wimbo bila sakafu yake,
sauti tatu zikichungulia pale alipokuwa,
na kwenye ubeti wa pili mjane wake
alishika ukingo wa jeneza kwa mikono miwili.

Njiani kurudi, Valiko akanishika kiwiko.
"Wewe sasa Kituruki unakijua. Anasema nini yule?"

"Anasema," nikasema, "doa litatoka."

"Anamwambia mama yake?"

Nilitazama viatu vyangu.
"Mama yake."

"Nilijua," alisema, akapenga kamasi,
akaanza kuutafuta ufunguo wa gari.